Mgonjwa wa Kismayu havuki mpaka mara moja

Kongosho likivimba ghafla, wiki chache baadaye huweza kubaki uvimbe uliojaa maji. Nyingi hunywea zenyewe. Ukikua, ukaleta maumivu, kutapika au homa, maji hayo lazima yatolewe.

Daktari kwa kawaida husubiri wiki 4 au zaidi ukuta wa uvimbe ukomae. Kisha hupitisha mpira wenye kamera mdomoni, hutoboa kutoka ndani ya tumbo la chakula na kuacha kibomba. Wiki kadhaa baadaye mgonjwa hurudi kupimwa na kutolewa kibomba hicho.

Kwa mgonjwa wa Kismayu anayetafuta mabingwa Nairobi, barabara ni ya Dhobley na Liboi. Somalia ilikamilisha uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024, na itifaki ya soko la pamoja ya 2010 inaahidi watu kusafiri huru. Lakini Kenya ilifunga mpaka huo 2011. Mpango wa kuufungua uliotangazwa Mei 2023 uliahirishwa Julai.

Mfanyabiashara anajua hasara ya gunia lililokwama. Mgonjwa mwenye kibomba tumboni anahitaji zaidi: kibali cha kwenda, kurudi na kwenda tena.