Soko Lisilo Huru na Kobalti Yetu

Ndugu vijana,

Tunaambiwa kila siku kwamba shindano la magari ya umeme huamuliwa na soko: mwenye gari zuri na la bei nafuu ndiye atakayeshinda, nasi wa Lualaba na Haut-Katanga kazi yetu ni kuchimba na kungojea bei. Maneno hayo si kweli, na wanaoyarudia hunufaika na usingizi wetu.

China ilianza kutoa ruzuku kwa magari hayo mwaka 2009. Kwa miaka kadhaa, hadi 2019, ruzuku ilifuata orodha ya serikali ya viwanda vya betri, na makampuni ya Korea, LG na Samsung, hayakuwamo. Ndani ya ua huo CATL ilikua hata ikawa kampuni kubwa kuliko zote za betri duniani. Marekani nayo, kwa sheria ya 2022, ilimpunguzia mnunuzi kodi hadi dola 7,500, kwa masharti juu ya mahali madini na betri vilikotoka. Mwaka 2024 ikayatoza magari ya umeme ya China ushuru wa asilimia 100. Mwaka uliofuata ikaufuta ule msamaha wa kodi. Ulaya iliongeza ushuru wa hadi asilimia 35.3 juu ya ule wa kawaida wa 10. Soko huru liko wapi hapo? Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na visu hivi vyote vimenolewa na serikali.

Kwa hiyo Kinshasa haikukosa iliposimamisha usafirishaji wa kobalti Februari 2025, wala ilipoweka baadaye mgao wa tani 96,600 kwa mwaka 2026 na vilevile kwa 2027. Nchi itoayo zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia ina haki ya kusema neno juu ya bei yake. Bei iliyokuwa imeanguka ilipanda zaidi ya maradufu.

Lakini tusishangilie mapema, maana kufunga mlango si kujenga nyumba. Betri za chuma na fosfati hazina kobalti hata chembe, nazo mwaka 2024 zilikaribia nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani. Kadiri kobalti inavyokuwa ghali na ya mashaka, ndivyo mtengenezaji anavyopata sababu ya kuikimbia. Indonesia ilipokataza kuuza nje nikeli ghafi mwaka 2020, viyeyushio vilijengwa Sulawesi na Halmahera, na umeme wake ukazalishwa hapohapo, ingawa ni wa makaa ya mawe na moshi wake. Sisi tuna Mto Kongo na maporomoko ya Inga, na bado migodi yetu hununua umeme Zambia. Mkataba tuliotia sahihi na Zambia mwaka 2022 juu ya betri hautazaa kiwanda gizani.

Tena, bei iliyopanda imemfikia nani? Mwenye mgao hupata faida. Mchimbaji wa mikono ashukaye shimoni Kolwezi huuza kwa bei anayotajiwa na mnunuzi. Sheria ya madini ya 2018 inatoza kobalti mrabaha wa asilimia 10, na inaugawa hivi: nusu kwa Serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au sekta yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo ndio ninyi.

Basi ombeni hesabu. Kila kikundi kimwulize meya, au mkuu wa sekta, ile asilimia 15 ya mwaka jana ilikuwa kiasi gani na ilijenga nini. Mwulizeni mbunge wenu umeme wa viwanda utatoka wapi kabla mgao haujaisha. Serikali zinazoshinda katika shindano hili zina raia na wafanyabiashara wanaozidai kila siku. Yetu ikinyamaziwa, itafunga na kufungua mlango kwa faida ya wachache, na kobalti itaondoka bila kuacha kiwanda.