Nyumba za Kibokoni na Deni la Wenyeji

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Methali hii ilinijia juzi nilipokuwa nikipita Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nikakuta nyumba moja kongwe ikibomolewa. Mlango wake wa nakshi ulikuwa umekwisha kung'olewa na kuegemezwa kando kwa uangalifu, ilhali boriti za mikoko na mawe ya matumbawe yalikuwa yakitupwa garini kama taka. Yamkini aliyeunusuru mlango alidhani ameinusuru nyumba.

Tusiseme kwamba sheria haipo. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka wa 1990, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inayalinda majengo ya aina hiyo. Lakini sheria haiezeki paa. Mwenye nyumba akifariki, huacha warithi wengi: huyu yuko Mombasa, yule yuko Maskati, wa tatu yuko London. Paa likivuja, hapana anayekubali kujitwika gharama peke yake. Akitokea mnunuzi mwenye fedha, wote huafikiana kwa siku moja. Siwalaumu, ukuta wa kale haulishi watoto.

Wala mwenye nia njema hajasalimika. Kuta za matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu hufungika ndani na vichwa vya boriti huoza. Hivyo mtu huweza kuiua nyumba yake akidhani anaitibu.

Je, tuiachie serikali kazi hii? Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka wa 1883, ilikuwa mali ya umma; hata hivyo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha.

Ndipo nikasema kwamba Kibokoni yahitaji jumuiya ya wenyeji wenyewe, kama ile ya turathi za Mji Mkongwe iliyoundwa Unguja mwaka wa 2002. Jumuiya haitakuwa na fedha za kununua nyumba, nami sitaki kumdanganya msomaji. Lakini yaweza kuwakutanisha warithi kabla dalali hajawakutanisha. Yaweza kuwaweka vijana chini ya mafundi wa chokaa kabla mafundi hao hawajatoweka. Zaidi ya yote, yaweza kuandika habari za kila nyumba: nani aliijenga, nani alisomesha barazani pake, ni harusi zipi zilizopita ukumbini.

Kazi hii ya mwisho ni ya walimu na wanafunzi, na si ngeni mjini petu. Muyaka bin Haji alipofariki mnamo mwaka wa 1840, tungo zake zilibaki vinywani mwa watu. Alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa, aliyezikusanya kutoka kwa wazee waliozihifadhi, kisha akamsaidia mmisionari W. E. Taylor kuzielewa. Lau Mwalimu Sikujua angalingoja ofisi imwagize, leo tusingalikuwa na Muyaka wa kusomesha darasani.

Basi, mwalimu mwenzangu, mwanafunzi wako akienda kwao likizoni, mpe daftari amwulize bibi yake habari za nyumba moja tu. Kwani siku ile Kibokoni niliwauliza vijana waliosimama kutazama ile nyumba ilikuwa ya nani. Walinitajia jina la mnunuzi. Mzee mmoja aliyeketi barazani ng'ambo ya njia ndiye aliyewajua wenyewe hadi kizazi cha nne, naye aliyasema hayo kwa kinywa tu. Hapana aliyekuwa akiandika.