Hujazeeka, Umeajiriwa

Kuna uongo mmoja umezagaa mjini na leo nataka niupasue. Uongo wenyewe ni huu: mtu akifika miaka ishirini na tano, akapata kazi, akaanza kulipa kodi ya chumba, basi hamu ya kucheza gemu inakufa yenyewe kwa sababu "amekua". Nimeusikia ofisini. Nimeusikia kwenye daladala. Nimeusikia kwa washikaji ambao zamani ungewatoa kwenye Winning Eleven kwa winchi tu. Siku hizi wanawasha mashine, wanaangalia orodha ya magemu dakika kumi, wanazima, wanaenda kulala. Ukiwauliza wanakujibu, "Umri huo, kaka."

Umri gani?

Hebu pita kwenye baraza lolote la Unguja jioni, kwenye ubao wa bao. Mashimo 32, kete 64, na wazee wenye wajukuu wanabishana kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Pita kijiwe chochote cha Dar, utakuta watu wazima wamezunguka ubao wa drafti, wanasukuma vizibo vya soda na kutambiana kama wako fainali ya Kombe la Dunia. Mbona hao hawajakua? Mbona hakuna anayewaambia kwamba mchezo ni wa watoto? Kama umri ndio unaoua hamu ya mchezo, mzee wa miaka sabini angekuwa ameacha bao nusu karne iliyopita.

Kwa hiyo tuache kuusingizia umri. Mimi nasema hivi: wengi waliochoka na magemu hawajazeeka. Wameajiriwa. Wameajiriwa bila mkataba, bila mshahara na bila likizo, na wengine wanamlipa mwajiri.

Angalia jioni ya mchezaji wa leo. Anarudi kutoka kazini, anafungua gemu. Kabla hajagusa mpira wala bunduki, anapokelewa na orodha ya kazi za siku. Ingia leo upate sarafu. Cheza mechi tatu upate nyota. Usipoingia kesho, unapoteza mlolongo wako. Msimu unaisha baada ya siku tisa, na zawadi uliyokwisha kuilipia itapotea usipofika ngazi ya hamsini. Huo ni mchezo au ni zamu? Bosi wake wa mchana angalau anamwachia Jumapili.

Haya hayakushuka na mvua. Mwaka 2005 Xbox 360 ilikuja na pointi za mafanikio: kila ukifanya jambo fulani ndani ya gemu, jina lako linaongezewa alama. PlayStation nao wakafuata na vikombe vyao mwaka 2008. Mwaka 2006 watengenezaji wa Oblivion waliuza deraya ya farasi kwa dola mbili na nusu. Dunia iliwacheka, wakati huo. Mwaka 2009 Ultimate Team ikaingia kwenye FIFA: unanunua pakiti bila kujua ndani kuna nani, unafungua, unaomba Mungu. Leo hakuna anayecheka tena, maana deraya ya farasi imekuwa biashara kuu na gemu lenyewe ndilo limekuwa duka la kuiuzia.

Kuhusu hizo pakiti, mwanasaikolojia B. F. Skinner angewaeleza vizuri. Aliwaweka njiwa kwenye sanduku lenye kitufe cha kudonoa. Njiwa aliyepewa punje kwa bahati nasibu, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara baada ya thelathini, alidonoa kwa bidii na hakuacha upesi hata punje zilipokatika. Mashine za kamari zinafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Ndiyo maana mwaka 2018 Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Ubelgiji ilisema wazi kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya magemu ni kamari. Mwezi Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuwauzia Wabelgiji pointi za FIFA. Hapa kwetu njiwa wanaendelea kudonoa.

Lakini pesa si jeraha kubwa kuliko yote. Jeraha kubwa ni furaha yenyewe.

Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walikwenda kwenye shule ya chekechea wakachagua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri chenye utepe kama wangechora. Wengine walichora bila kuahidiwa kitu. Baada ya wiki moja au mbili kalamu zikarudishwa mezani, bila cheti, bila ahadi. Wale waliokuwa wameahidiwa cheti walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Hakuna aliyewanyang'anya kalamu. Walichofanyiwa ni kulipwa kwa jambo walilokuwa wakilifanya kwa kupenda, na kupenda kukageuka kibarua. Kibarua bila ujira nani anakitaka?

Sasa nirudie swali. Mshikaji anayewasha mashine, akaangalia dakika kumi, akazima: amekua, au ni yule mtoto wa chekechea aliyezoeshwa cheti?

Najua kuna watakaosema hakuna aliyelazimishwa, na kwamba magemu ya bure yamewafikia vijana wasio na uwezo wa kununua kaseti wala mashine ya bei mbaya. Hoja hii ina uzito, siibezi. Kijana wa Mbagala au wa Kayole mwenye simu tu leo anacheza na mtu aliyeko Brazil. Ni jambo jema. Lakini kusema "hakuna aliyelazimishwa" kunahitaji kiraka. Mwezi Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Epic Games, wenye Fortnite, watalipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, kwa sababu vitufe vya gemu lao vilipangwa kwa namna iliyowafanya watu wanunue bila kukusudia. Kitu kinachokuhitaji ujikwae ili kipate faida si bure.

Na hata aliyelipa hayuko salama. The Crew, gemu la magari la Ubisoft, lilitoka mwaka 2014 na watu walilinunua kwa pesa zao. Tarehe 31 Machi 2024 mitambo ilizimwa. Likafa, hata kwa aliyetaka kuendesha peke yake bila kumsumbua mtu, kwa sababu halikuweza kuwaka bila mitambo hiyo. Miaka kumi ya kukusanya magari, kwisha. Mzee wa Unguja akifa anawaachia watoto ubao wa bao. Wewe utawaachia nini, nywila?

Basi furaha iko wapi? Ipo, na mimi nimeiona kwa macho.

Mwezi Desemba, geto la rafiki yangu huko Sinza, mtu alitoa uvunguni PlayStation 2 yenye vumbi. Ni mashine ya mwaka 2000 na ziliuzwa zaidi ya milioni 160 duniani, kwa hiyo usishangae kwamba bado zinafukuliwa. Memori kadi ilikuwa imekufa. Maana yake ni nini? Maana yake hakuna kitakachohifadhiwa. Hakuna ngazi, hakuna sarafu, hakuna historia. Tulikuwa watu sita na padi mbili, sheria ni ile ile ya mabanda ya gemu ya mtaani: aliyefungwa anampisha mwingine. Mmoja akachukua Inter ili apate shuti la Adriano, wengine wakapiga kelele kwamba huo ni uhuni. Watu hawa hawa wanaosema wamekua walicheza hadi saa nane usiku. Mhasibu wa benki aliyefungwa goli tano alisimama akadai padi ni mbovu. Asubuhi hakuna aliyekuwa na cha kuonyesha, na wote walitaka irudiwe.

Msinielewe vibaya. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri na sasa kubaya. Hayo ni maombolezo ya watu wavivu. Stardew Valley ilitoka mwaka 2016, imetengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, na nakala zaidi ya milioni 40 zimeuzwa. Unalima, unavua samaki, ukichoka unafunga. Ukirudi baada ya miezi sita mahindi yako hayajakufa kwa kukukosa. Hicho ndicho kipimo changu, nawapeni bure: gemu lisilokuadhibu kwa kuondoka linakuheshimu. Linalokuadhibu ni mwajiri.

Kwa hiyo wewe uliyechoka, fanya mgomo. Zima arifa zote. Acha msimu uishe bila wewe, utaona jua litachomoza. Chagua gemu moja, si maktaba nzima ya mauzo ya nusu bei. Usiangalie video ya jinsi ya kulishinda, maana kutojua mbele kuna nini ndiyo nusu ya utamu. Na ukiweza, tafuta mtu wa kukaa pembeni yako, mtu mwenye bega la kusukumwa na mdomo wa kutamba.

Na kama baada ya hapo bado hulitaki gemu, sawa, liache kwa amani. Kacheze drafti, kapige mpira wa ufukweni. Sigombanii mashine. Ninachokigombania ni zile saa mbili za jioni ambazo si za bosi, si za foleni ya Ubungo, si za mwenye nyumba. Ndizo pekee tulizobakiwa nazo, na kuna mtu amekuja kuzipangia ratiba huku akituambia tumezeeka.

Mimi ratiba yake nimeichana. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, na aje na padi.