Kuchemsha hakuondoi chumvi

Kila kiangazi wasomaji wa pwani huniuliza swali lile lile: maji ya kisima yameingia chumvi, je, nikiyachemsha mtoto anaweza kunywa? Hapana. Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi hubaki sufuriani, na maji yakipungua kwa mvuke huzidi kuwa makali. Kitambaa, mchanga, shabu ya maji na klorini navyo haviondoi chumvi.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho, hivyo mwili hutumia maji yake wenyewe kuisukuma nje. Figo za mtoto mchanga ni dhaifu zaidi. Ukimkorogea maziwa ya kopo au ORS kwa maji ya chumvichumvi, unaongeza chumvi juu ya chumvi. Akiwa mlegevu, analia bila kutulia au amepata degedege, mpeleke kituo cha afya mara moja na useme alikunywa maji gani. Wahudumu wengi hatuulizi.

Chumvi huondolewa kwa kukusanya mvuke wa maji, au kwa kuyasukuma maji kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, kama ufanyavyo mtambo wa umeme wa jua wa Kiunga, Lamu, tangu 2018. Nafurahi kijiji kinapoomba mtambo kama huo. Ninachokataa ni fedha zote kwenda kwenye mashine. Maji ya bahari huja na tope, mwani na vijidudu, na hivyo ndivyo vinavyoziba utando. Ukishaziba, mtambo unasimama, na mama anarudi kwenye kisima kile kile.

Kuyasafisha kwanza si gharama kubwa. Badala ya kuvuta maji baharini moja kwa moja, chimbeni kisima ufukweni, mchanga uchuje kabla ya pampu. Kisha yapite polepole kwenye tangi la mchanga na kokoto. Shabu hukusanya tope laini likatuama. Klorini ni nzuri, ila huharibu aina nyingi za utando, kwa hiyo iondolewe kabla ya kufika hapo. Muulizeni fundi anafanyaje.

Kitambaa msikidharau. Kimelea cha kipindupindu huishi katika maji ya chumvichumvi ya pwani, kikijishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini. Bangladesh, utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha kuwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Kanga kuukuu ya pamba tunayo kila nyumba. Lakini nusu ni nusu: ukishachuja, bado chemsha au tia dawa.

Maji ya gatini yenye harufu ya petroli yaacheni kabisa, hata kama mnakusanya mvuke. Petroli nayo huvukia na kuingia chomboni.

Kama mtambo bado haupo, mkorogee mtoto kwa maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa. Ya kisima yaoshee sakafu. Anayenyonya maziwa ya mama pekee, chini ya miezi sita, hahitaji maji yoyote. Nawe mwenye presha, unayejitahidi kupunguza chumvi mezani, onja kwanza maji yako ya kunywa.