Sheria ya muzigo isibaki ku barieri ya mugodi

Mutu wa Kamina hana lazima ya kwenda mbali juu ya kuona hili jambo. Asubuhi, ku njia inayoingia mu mji, kagari kadogo kanafika kameinama nyuma, pua yake inatazama mbingu. Juu ya galeri kuko magunia ya makala, juu ya makala kuko godoro, juu ya godoro kuko kuku waliofungwa miguu. Ndani kuko mama watatu na watoto. Nyuma kuko bidoni za mafuta ya ngazi na samaki wa kukauka kutoka upande wa Bukama. Watu wanaopita wanacheka na kusema: «Kale kagari kana roho!» Sisi pia tulicheka siku mingi. Leo hatucheki tena.

Hatucheki kwa sababu kale kagari, mara nyingi, ni ka mufanyakazi wa mugodi. Baba anafanya kazi Kolwezi, Fungurume ao Likasi, familia inabaki Kamina. Aliweka feza kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, akanunua gari ya Japani iliyotumika, volani iko kuume, ikapitia Kasumbalesa. Siku ya konje anarudi nayo nyumbani, na mbele ya kuzima moteri, muzigo wa jamaa wote unamungoja ku mulango.

Wazee wetu wa Gécamines wanakumbuka 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliacha kazi kwa ile mpango ya kuondoka kwa kupenda. Kuko waliotia feza ya mwisho mu gari, wakisema gari italisha watoto. Gari inaweza kulisha, ndiyo. Lakini gari iliyovunjika shasi hailishi mutu, na baba aliyelala mu mutaro chini ya gari yake harudishwi na dekonti ya mwisho.

Hatusemi: musibebe muzigo. Ingekuwa kusema uongo kwa watu wenye njaa. Kamina ni mji wa reli: njia ya Lubumbashi, njia ya Ilebo na njia ya Kalemie zinakutana hapa kwetu. Lakini treni haiji kila siku, na mahindi ya mukulima hayangoji treni. Mvua inapoingia, kamyo kubwa zinakwama mu matope, na yule wa gari ndogo njo anapita pembeni, njo anafikisha unga. Tunajua. Gari ndogo ni punda wa Haut-Lomami, na punda hana kosa.

Tunachosema ni kimoja: sheria ambayo mufanyakazi anaifuata ndani ya mugodi, asiiache ku barieri pale anapotoka.

Ndani ya mugodi kila mutu anaijua. Elingi ya kunyanyulia ina kibao kinachosema kilo ngapi mwisho. Kibao kikipotea, elingi haitumiki. Hakuna anayesimama chini ya muzigo unaoning'inia. Hakuna anayesema «jaribu tu, itafika». Shefu akiona mutu anazidisha, kazi inasimama. Sasa yule yule mutu, akivaa nguo ya konje, anapakia gari ya mama ya watoto wake bila kuhesabu hata kilo moja. Kwa nini? Chuma cha kampani kiko na samani kuliko batoto bake?

Tuhesabu pamoja, na kalamu. Gari ndogo nyingi za namna hii zinaweza kubeba kilo 400 hivi kwa jumla, watu na muzigo pamoja. Weka watu watano wakubwa wa kilo 65: ni kilo 325. Inabaki kilo 75. Ni mifuko tatu ya unga ya kilo 25, basi. Hakuna nafasi ya mufuko wa simenti wa kilo 50 juu yake. Mutu akitaka kupakia zaidi, anapaswa kushusha mutu. Hakuna njia ya tatu.

Galeri nayo iko na hesabu yake. Paa ya gari ndogo nyingi inakubali kilo 50 mupaka 75, na galeri yenyewe inahesabiwa ndani. Ile galeri ya fero beto na kornieri iliyosudewa ku kiwanja, ukiipima, inaweza kumaliza nusu ya haki hiyo mbele hujaweka hata kitu kimoja. Na ubaya wa paa si uzito peke. Muzigo ukiwa juu, gari inakuwa kama mutu anayebeba mutungi wa maji ku kichwa huku anakimbia: ku njia ya kunyooka anapita, ku kona anaanguka. Ku paa tuweke vitu vikubwa lakini vyepesi: godoro, vikapu vitupu, viti vya plastiki. Unga, simenti na bidoni vikae chini, karibu na kiti cha nyuma, si ku mwisho kabisa wa kofre.

Tunasikia jibu: «Fundi aliniwekea resori ya kuongeza, gari haiinami tena.» Baba, sikiliza vizuri. Resori inanyanyua gari, haiongezi nguvu ya freni. Haiongezi pine. Gari inaonekana imenyooka, na wewe unadanganyika kwamba iko sawa. Tazama pine yako ubavuni. Kama imeandikwa 175/65 R14 82T, ile 82 si mapambo. Maana yake ni kwamba pine moja inabeba kilo 475 mwisho, na ni pale tu ikiwa na hewa ya kutosha. 84 ni kilo 500. 88 ni kilo 560. Kibao cha elingi uliyekuwa unakisoma mu mugodi, njo hiki hapa ku pine. Kimeandikwa, tunakosa tu kukisoma.

Sasa tuje ku remorki, kwa sababu hapa njo kuna maneno mingi mu mji. Sisi tunaipenda remorki. Kwa muzigo muzito, remorki ndogo iliyotengenezwa vizuri ni bora kuliko galeri: muzigo unakaa chini, karibu na ardhi, na mugongo wa gari unapona. Lakini remorki mbaya ni muuaji anayekufuata nyuma.

Tuliona moja, haina siku mingi. Bule ya kukokotea, ile tufe ya chuma, ilisudewa moja kwa moja ku pareshoki. Pareshoki ya gari za leo ni plastiki na tole nyembamba, kazi yake ni kupokea kishindo kidogo, si kukokota kitu. Mahali pa kweli pa kufungia ni ku maboriti ya shasi chini ya gari, kwa mabulono ya nguvu, upande wa kuume na wa kushoto, na tole nene nyuma ya kila bulono. Kama fundi anakuambia «nitapiga tu sudi, dakika kumi», shukuru na uondoke. Na kama kuna sudi yoyote ya kupiga ku gari, atoe kwanza nyaya za batri. Umeme wa kusudea unaweza kuchoma vyombo vya elektroniki vya gari.

Kipimo ni kipi? Kuko gari ndogo ambazo kiwanda kilikataza kabisa zisikokote kitu. Kwa zile zinazokubaliwa, kule Ulaya wanafuata hivi: remorki isiyo na freni yake yenyewe isipite nusu ya uzito wa gari, na hata gari ikiwa nzito namna gani, isipite kilo 750. Gari yako ikiwa na kilo 1 000, remorki na muzigo wake wote isipite 500. Remorki yenyewe tupu ikiwa na kilo 150, unabakia na 350. Ni kidogo kuliko unavyotamani, lakini ni mingi kuliko galeri na kofre kwa pamoja.

Tena kuko namna ya kupanga. Uzito mingi ukae juu ya eksi ya remorki, mbele kidogo. Ule mukono wa remorki unapolala juu ya bule uwe mzito kidogo, kati ya sehemu 5 na 10 kwa mia ya uzito wote: remorki ya kilo 400, mukono wake uwe kilo 20 mupaka 40. Ukipakia nyuma sana, mukono unataka kunyanyuka, na ku mwendo remorki inaanza kucheza kushoto na kuume kama mukia wa samaki. Ikianza, acha mafuta polepole, shika volani, usivunje freni kwa nguvu. Ukizidisha mbele nayo, sehemu ya nyuma ya gari inalala, pua inanyanyuka. Na gari ndogo nyingi za leo zinavutwa na pine za mbele: pua ikinyanyuka, mu matope ya Kamina hutapanda kilima.

Weka mienyororo miwili ya usalama, ikipishana chini ya mukono, ili bule ikikatika remorki isikimbie peke yake kwa watoto wanaotoka masomo. Weka taa. Remorki bila taa usiku ni ukuta mweusi mu njia. Na punguza mwendo. Wenye kwenda kilomita 80 wakisema «ni mara mbili tu ya 40», wanakosea: nguvu ambayo freni zinapaswa kumaliza ni mara inne.

Jambo moja halina majadiliano: mutu hapandi mu remorki, mutu hapandi juu ya muzigo. Hata mutoto, hata «ni hapa karibu». Mwezi wa tatu 2022, treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, upande wa Lubudi, na zaidi ya watu 70 walikufa. Walikuwa wamepanda juu ya mizigo kwa kukosa namna ingine ya kusafiri. Hatuwahukumu marehemu, mutu mwenye haraka na asiye na feza anapanda pale anapopata. Lakini tusilete ile mauti ku malango yetu sisi wenyewe, na remorki yetu wenyewe.

Basi, tunaomba nini?

Kwa mafundi wanaosudea: kila remorki inayotoka mu kiwanja chenu, andikeni juu yake kwa rangi, kilo ya tupu na kilo ya mwisho, na jina la aliyeitengeneza. Fundi asiyetaka kuandika jina lake, sisi tunajua kwa nini.

Kwa wafanyakazi wa mugodi walio ku konje: munajua kazi ya usalama kuliko sisi waandishi. Kuko kati yenu wanaonyanyua mashini za tani makumi kila siku bila kuvunja hata kikombe. Mukifika Kamina, tumieni posho moja tu, kaeni na mafundi wa mutaa, muwaonyeshe. Bia itakunywewa kisha.

Kwa wakubwa wa mji: Code de la route iko, ni sheria ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978. Lakini sheria haiwezi kupima kilo kwa macho. Muweke baskili moja ku mulango wa soko, watu wapime bure, bila kutozwa na bila kuulizwa karatasi. Mutu akiona kilo zake kwa macho yake, nusu ya kazi imeisha.

Na kwa familia, hapa tunasema kwa heshima, maana mama zetu na wakwe zetu wako ndani. Mutoto akija na gari, tusimufanyie gari yake kuwa kamyo ya ukoo. Tunajua namna inavyokuwa: yaya ana gunia moja, shangazi ana bidoni moja, muko ana mbuzi mmoja. Kila mumoja anasema «yangu ni kidogo tu». Na yule kijana anaona haya kukataa, kwa sababu atasemwa kwamba mugodi umemupa kiburi. Tumusaidie kwa kumuuliza sisi wenyewe kwanza: «Mwana, gari yako inabakiza kilo ngapi?» Swali hilo halimupunguzii mutu heshima. Linamurudisha kazini muzima.

Bibi mumoja wa hapa Kamina alitupa neno wakati tulikuwa tunaandika haya. Tulimuuliza kama anaogopa kupanda gari iliyojazwa. Akajibu: «Miye sina woga ya gari. Miye niko na woga ya mutu mwenye hapimi.» Hatuna cha kuongeza. Mugodi umetufundisha kupima; tupime na ku nyumba pia.