Nani amesema mama munene avae nyeusi?

Shauri hili nimelisikia kanisani, nimelisikia kwenye foleni ya maji, nimelisikia hata kwa watoto wa miaka kumi na miwili: mama munene akitaka kufanya mazoezi avae nyeusi, tena ipwaye, ili mwili usionekane. Wanaongeza ya kwao: mistari isimame, isilale. Shati lifike magotini. Na akiweza, afunge kikwembe juu ya yote hayo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Base Camp. Ni mama munene, na kila asubuhi natembea na wenzangu kuelekea upande wa ziwa kabla jua halijapanda. Nasema shauri hilo ni baya. Ni baya kwa nguo, ni baya kwa afya, na ndani yake kuna dharau ambayo sisi bamama wenyewe tumekubali kuivaa.

Nianze na rangi, maana hiyo haina kazi. Aliyetunga sheria ya nyeusi hakuishi Nakivale. Vumbi letu mwezi wa saba linaingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Juu ya nguo nyeusi linakaa kama unga, na jasho likikauka linakuchorea ramani ya chumvi mgongoni. Saa nne asubuhi nguo ile imeshakuwa jiko. Halafu kuna boda boda. Saa kumi na moja na nusu barabara yetu haina taa, na dereva naye mara nyingi taa yake ilikufa zamani. Mama aliyejificha vizuri ndani ya nyeusi amejificha na kwa dereva pia. Mimi navaa fulana ya njano. Wanaotaka kucheka waone vizuri, na boda ione vizuri.

Kupwaya ndiyo hadithi ndefu. Watu wanadhani nguo kubwa inapunguza mwili. Yaani, chukua ile treningi ya pamba ya mwanaume, XXL, ambayo kila muuzaji anakutupia akikuona tu: "Mama, yako hii hapa." Kiuno kinakaa kwa kamba, matako hayapati nafasi, katikati ya miguu kitambaa kinaning'inia kama mfuko. Ukitembea nusu saa pamba imekunywa jasho, imekuwa nzito, imejikusanya kati ya mapaja na kuanza kusugua. Jioni umechubuka. Kesho hutoki. Kesho kutwa hutoki. Wiki inayofuata unasema mazoezi si ya watu kama sisi. Kumbe mwili wako haukukataa kutembea. Suruali ndiyo iliyokataa.

Nguo ya kumpendeza mama munene kwenye mazoezi ni ile inayomshika bila kumkaba, ikabaki mahali pake akitembea. Mimi sioni uzuri mwingine hapo. Taiti ndefu inayofika chini ya goti au kwenye kifundo, ya kitambaa cha nailoni au poliesta chenye uzi unaovutika, inazuia paja kukutana na paja. Uzi huo, ambao wengi tunauita Lycra, aliuvumbua Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont mwaka 1958, mwaka uleule Nakivale yetu ilipoanzishwa. Wana umri mmoja. Mmoja ukimvuta anarudi alipokuwa. Mwingine bado anasubiri kurudi.

Basi unaichagua hivi, na usione haya mbele ya muuzaji. Ivute kwa mikono miwili kwa upana, uiachie: ikirudi polepole au ikibaki na mawimbi, uzi umekufa, hata kama rangi ni mpya. Iweke mkono ndani, uivute tena, utazame juani. Ukiona vidole vyako, na wengine wataona yako ukiinama. Geuza ndani nje, utafute kile kipande kidogo chenye umbo la almasi kilichoshonwa katikati ya miguu. Taiti isiyo nacho, mishono minne inakutana mahali pamoja, na hapo ndipo inapopasukia. Mkanda wa kiuno uwe mpana kama kiganja na upande juu ya kitovu. Mwembamba unajikunja kila ukikaa, unakata tumbo sehemu mbili, halafu watu wanasema tumbo ndilo lenye kosa. Ukiruhusiwa kuivaa, chuchumaa. Usisimame tu kama sanamu.

Sidiria nayo, au sutie kama tunavyosema sisi wa Kivu. Ile ya mazoezi haikuzaliwa kwa urembo. Mwaka 1977 huko Vermont, Marekani, wanawake watatu, Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller, walichoka na maumivu ya kukimbia. Wakachukua vile vikaza vya ndani vya wanamichezo wanaume, viwili, wakavishona pamoja. Ndiyo ikawa mwanzo. Kwetu wenye kifua kizito, kazi inafanywa na mkanda wa chini, si kamba za mabega. Kamba zikikuchimba mabega ujue mkanda umelegea. Ruka mara tatu palepale sokoni. Muuzaji atacheka, mwache acheke, wewe ndiye unayelipa.

Sasa vitu hivi vinapatikana wapi? Si kwenye maduka ya nguo mpya. Huko XXL ya kiwandani ukiivaa unashangaa waliipimia nani. Vinapatikana kwenye mtumba, na mtumba mzuri unafunguliwa Mbarara. Mwaka 2023 Rais Museveni alisema nguo hizi ni za wazungu waliokufa na akatangaza kuzipiga marufuku. Mimi ni mgeni katika nchi hii, siasa hiyo naipita kwa heshima. Nasema tu kwamba huyo marehemu, kama kweli ni marehemu, alikuwa na mapaja kama yangu, na hakuna kiwanda cha hapa jirani ambacho kimenifikiria kama alivyofikiriwa yeye.

Lakini sikilizeni kinachotokea. Robota inafunguliwa alfajiri. Nguo kubwa zimo, tena nyingi, maana zinatoka kwa watu wakubwa. Kabla mimi sijashuka kwenye takisi kutoka Isingiro, mafundi wenzangu wameshazibeba. Wanazikata. Taiti ya mama munene inatoka pale ikiwa ya msichana mwembamba, na fulana pana inazaa mbili za watoto. Nimekaa kwenye meza ya fundi mmoja nikamwangalia akipitisha mkasi katikati ya taiti ya bluu ambayo ningeilipia shilingi 15,000 bila kupunguziwa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema wanene hawanunui nguo za mazoezi. Sasa tungenunuaje, baba, na wewe unazimaliza saa kumi na mbili?

Mafundi, hili nawaambia kama mwenzenu wa cherehani. Kukata ni rahisi kuliko kuongeza, ndiyo maana tunapenda kukata. Lakini taiti mbili zilizochoka zinaweza kuzaa moja nzima: unatoa ubavu wa hii, unautia kwenye ubavu wa ile, kipande kirefu kutoka kiunoni hadi chini. Tumia sindano ya ncha butu, ya vitambaa vya kuvutika, maana ile ya kawaida inatoboa uzi na kuukata. Mshono uwe wa nyoka nyoka. Cherehani ya miguu inayojua mstari mnyoofu tu itakupa mshono unaolia "pwa!" siku ya kwanza mama akichuchumaa; basi shona upande huku, kisha peleka Mbarara kwa mwenye mashine ya zigizaga. Wateja wapo. Wanaogopa kuuliza tu.

Na wanaogopa nini? Hapa ndipo penyewe.

Mwaka 2023 shirika la chakula la WFP lilitugawa kwa makundi: wachache wakabaki na asilimia 60 ya mgao, wengi wakapata asilimia 30, wengine hawakupata kitu. Tangu wakati huo mwili wa mwanamke umekuwa ushahidi. Siku moja, kwenye foleni, mtu mwenye karatasi mkononi aliniangalia kutoka juu hadi chini, akasema mbele ya watu: "Mama, na mwili yote ile, bado unasema uko na njala?" Watu wakacheka. Wa kwetu pia walicheka, na hao ndio walioniuma. Baadaye jirani yangu, mtu mwema kabisa, akanipa shauri: siku ya mgao vaa nyeusi, vaa pana, jikunje kidogo.

Mnaona shauri la nguo linakotoka? Wanaliita urembo, lakini linamwambia mkimbizi apungue machoni pa mtu ili aaminiwe. Mkimbizi wa kweli, kwa akili hiyo, ni yule wa kwenye picha, mifupa na macho. Aliyevuka Bunagana na mwili wake mzima ameleta uongo.

Basi nijibu hata kama sikuulizwa. Pesa kidogo inanunua kinachojaza tumbo kwa bei ndogo: unga wa mahindi, muhogo, mafuta, sukari ya chai. Hainunui samaki kila siku, wala matunda, wala nyama. Mtu anaweza kunenepa na damu ikampungukia papo hapo. Muulize muuguzi yeyote. Muuguzi huyohuyo atakupima presha na kukuambia: mama, tembea. Sawa. Kliniki wanasema tembea, foleni inasema jifiche, barabara inacheka. Mimi nimechagua kliniki, na mtu akichagua kliniki anahitaji taiti.

Tena watu wa hapa wasijifanye unene ni kitu kigeni kilicholetwa na Wakongomani. Kwa Bahima wa Ankole zamani bibi arusi alineneshwa kwa maziwa kabla ya kuolewa. Kusini mwa Isingiro, ng'ambo ya mto Kagera, ndiko Karagwe. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika huko kwa mfalme Rumanyika akakuta wanawake wa nyumba ya kifalme wakinyweshwa maziwa kutwa, maana unene ndio ulikuwa uzuri wao. Akaomba ampime mmoja, shemeji ya mfalme, na kitabu chake cha mwaka 1863 kina vipimo: kifua futi 4 na inchi 4, paja futi 2 na inchi 7. Kwa tepu yangu ni kama sentimita 132 na 79. Sitaki turudi huko. Mwanamke aliyeneneshwa mpaka kusimama kukawa tabu hakupata nafuu yoyote, na mgeni anayempima kama ng'ombe wa mnada hakumheshimu. Ila mtu anayeniambia mwili huu ni aibu ya asili aende kwanza akamwambie Rumanyika.

Najua wa kanisani watasema tatizo ni taiti, si mwili. Heshima, wanasema. Mimi nimetoka nchi ambayo Mobutu aliwakataza mama zetu suruali kwa jina la asili yetu, na nimekuja nchi ambayo sheria ya 2014 dhidi ya ponografia watu waliigeuza ruhusa ya kuvua wanawake nguo barabarani. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ikabatilisha baadhi ya vifungu vyake. Wanaolinda heshima yangu nimewazoea. Funga kikwembe hadi mwisho wa nyumba, kisha kitie begani. Au vaa sketi fupi juu ya taiti, nashona. Majirani zetu Wasomali wanatembea asubuhi na magauni yao marefu na raba miguuni, kwa mwendo ambao sisi hatuufikii, na hakuna anayewacheka. Na yule msichana mwembamba wa mtaa wa pili, anayekimbia na taiti kuliko yangu kubana, mnamwita mwanamichezo. Semeni basi kwamba ni unene, tujue tunabishana nini.

Kwenye michezo yenyewe uzito hautiwi aibu, unaandikwa ubaoni. Katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, Rio 2016, kulikuwa na Yolande Bukasa Mabika, mtoto wa Bukavu, judo kilo 70. Kilo zake zilisomwa mbele ya dunia. Na katika judo la wanawake lipo daraja la zaidi ya kilo 78, ambalo halina kikomo juu.

Kwa hiyo naomba vitu viwili, na vyote ni vya kununulika. Wauzaji wa Base Camp mnaokwenda Mbarara: kila mkichagua, tengeni rundo moja la kubwa, msilipeleke kwa mkasi. Nitalichukua mimi, na nina majina ya bamama kumi na wanne watakaolichukua nami. Na nyinyi wa mashirika, kila tarehe 20 Juni mnaleta fulana na jezi za Siku ya Wakimbizi, S, M na L. Zile mbili tatu za XL zinaisha kwa wenye viti. Kabla hamjaandika oda ya mwaka huu, piteni kwangu. Tepu yangu ina sentimita 150, na katika bamama wote niliowapima hapa hajatokea aliyeimaliza.