Usinunue Mashini kwa Macho Tu



Katika miji yetu ya migodi, Likasi, Kolwezi, Kipushi na kwingine, mama wengi walijifunza kushona kwenye foyer za kampani, tangu wakati wa Union Minière mpaka Gécamines. Walishona kanzu za watoto, vitambaa vya meza, na hata blanketi za vipande, zile zinazoungwa kwa mabaki ya vitenge. Kisha maisha yakawa nguvu. Mashini ikauzwa, mikono ikaenda kulima na kuuza soko. Leo watoto wamekomaa, na mama anasema: "Nataka kurudilia blanketi zangu." Ni neno zuri. Lakini mashini mpya inapita uwezo wake, basi anakwenda kutafuta ile iliyokwisha kutumiwa. Hapo ndipo feza ya nyumba inaweza kupotea kwa siku moja.

Neno langu leo ni hili: mashini inanunuliwa kwa kitambaa, hainunuliwi kwa macho. Rangi nyeusi yenye kung'aa na maandishi ya dhahabu hayashoni kitu. Kuko mafundi wanaojua kupaka mashini ya kizee mpaka ifanane na bibi-arusi. Jina nalo halitoshi. Singer 15K, mashini ambayo wengi wanaisifu, ilitoka kwenye fabriki ya Clydebank kule Scotland, na fabriki ile ilifungwa mwaka 1980. Muuzaji akikuambia, "Mama, hii 15K iko mupya kabisa," wewe ujue: ao haikutoka kule, ao iko na miaka zaidi ya 40. Uzee wa chuma si kosa, kikitunzwa kitashona bado. Kosa ni kulipa uzee kwa bei ya upya.

Basi kabla ya kutoka nyumbani, tayarisha kifurushi kidogo. Weka kipande cha kitenge, kipande cha blanketi kuukuu, na kipande cha kitambaa cha pamba cha kukaa chini. Ongeza uzi mweupe, uzi mwekundu, na sindano mpya namba 90, ambayo wengine wanaiandika 14. Blanketi yako itakuwa na tabaka hizo tatu, kwa hiyo mashini ijaribiwe kwa tabaka hizo tatu. Muuzaji akikupa kakitambaa kamoja kepesi, umushukuru, halafu utoe chako.

Kwanza, zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa zito, usikimbie. Mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda, sana sana pale mtu alipotia mafuta ya kupikia. Matone ya petroli ya taa, kisha mafuta ya mashini yenyewe, yanaweza kuilegeza. Lakini ukilitikisa gurudumu na kuona mhimili wote unachezacheza, ao mwili wa mashini umepasuka, iache.

Pili, angalia penye uzi wa chini. Mashini nyingine zina kaneti ya mviringo, na ile ya namna ya Singer 15 inatumika kwa mashini nyingi, ni rahisi kuipata. Nyingine za zamani zaidi zina naveti ndefu kama mtumbwi mdogo. Zinashona vizuri, lakini naveti ikipotea utahangaika sana. Kama kitu cha kushika kaneti hakiko, usikubali neno la "tutakitafuta kesho."

Tatu, weka uzi mweupe juu na mwekundu chini, ushone urefu wa mkono mmoja, kisha geuza. Mwekundu ukitokea juu, uzi wa juu umekazwa mno. Ukiona vitanzi vyeupe chini, pengine uzi haukupitishwa vizuri. Hayo yanatengenezeka palepale, hayana gharama. Lakini kitambaa kikikataa kusogea, tazama meno yaliyo chini ya mguu wa mashini. Kama yamelika mpaka kuwa laini, hesabu bei ya mengine kabla ya kupatana.

Blanketi ya vipande inahitaji mshono wa kwenda sawasawa tu. Usiongeze feza kwa ajili ya mapambo mengi. Ni afadhali utafute mashini yenye nafasi pana kati ya sindano na shingo, sababu blanketi iliyokunjwa inapaswa kupita mule. Mashini ya mkono inakuachia mkono mmoja tu wa kuongoza mzigo mzito; ya miguu inakuachia yote miwili, wala haingoji umeme urudi. Na nyumbani, weka meza nyingine upande wa kushoto. Blanketi ikining'inia, inavuta sindano mpaka inavunjika.

Sasa kuko ulizo moja ambalo wengi wanaliruka: mashini hii imetoka wapi? Tunajua desturi mbaya ya jamaa wanaoingia nyumba ya marehemu na kubeba vyombo vyote, hata mashini iliyokuwa ikilisha watoto. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamhesabu mjane kati ya warithi. Kama muuzaji anaogopa kuandika karatasi mbele ya shahidi, ao hawezi kusema mwenye mashini ni nani, bei yake ndogo isikuvute. Blanketi iliyoshonwa juu ya machozi ya mjane haiwezi kupasha nyumba yako moto.

Mwisho, baba na mama wapatane kwanza juu ya feza. Msiitoe yote kwa mashini. Bakisheni ya fundi, ya sindano na ya mafuta. Na ile ya masomo ya watoto isiguswe.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani: Ni kazi gani tunataka mashini itufanyie? Tunaweza kutoa feza ngapi bila kukopa? Nani katika jamaa anaweza kufundishwa na mama, binti peke yake ao kijana naye?

Mubaki na amani.

Mchungaji wenu